Lami au zege kwa malori mazito: tulinganishe unene na gharama bila ushabiki

Mlinda Ghala

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa barabara.

Nipo kwenye kamati ya eneo la maghala. Tunataka kujenga barabara ya kuingilia, kama kilomita 2 hivi, na wanaopita ni malori yenye mzigo kamili, asubuhi hadi usiku. Tumepokea mapendekezo mawili. La kwanza ni lami sentimita 5. La pili ni zege sentimita 20. Mjumbe mmoja kashafunga kesi kichwani: tano kwa ishirini, zege ni mara nne, basi tuchukue lami twende nyumbani.

Mimi roho haijatulia. Je, unene unalinganishwa hivyo? Na hii kauli kwamba zege ni ghali ila linadumu, ina hesabu nyuma yake au ni maneno ya vijiweni?

Zege Halilali

Mwaga zege mkuu, mambo mengine ni kuwatajirisha mafundi wa viraka. Uzi ufungwe.

Kokoto Nusu

Usifungwe kwanza. Mkuu Mlinda Ghala, hizo namba mbili hazilinganishiki kabisa. Sentimita 20 za zege ndiyo karibu barabara yote. Sentimita 5 za lami ni tabaka la juu tu. Chini yake lazima kuna msingi wa kokoto, chini ya msingi kuna tabaka la kifusi, na chini kabisa udongo wenyewe. Hilo pendekezo la kwanza lilipaswa kukutajia tabaka zote. Kama halikutaja, mrudishie mwenyewe akaandike upya kabla hamjajadili bei.

Tofauti iko kwenye namna mzigo unavyoshuka. Tairi la lori linakandamiza kwa kilopaskali 700 na zaidi. Kwenye barabara ya lami mzigo unashuka tabaka kwa tabaka, ukipanuka taratibu, na kila tabaka linatakiwa kuwa imara kuliko la chini yake. Udongo ukiwa dhaifu, unahitaji kina kirefu ili shinikizo lifike chini likiwa limepungua vya kutosha. Kwa hiyo mwenye sauti kubwa hapa ni udongo.

Bamba la zege linafanya kazi kama ubao uliotandikwa juu ya tope. Ugumu wake ni kama megapaskali 28,000, wakati lami nzito (kokoto zilizochanganywa na bitumeni, ule utomvu mweusi) kwenye nyuzi joto 20 ina kama 3,000, na jua likiwaka hadi lami ikafika nyuzi 50 inashuka sana, inabaki mamia tu. Bamba likikanyagwa linagawa mzigo kwenye eneo pana, na kinachofika kwenye udongo hakifiki hata sehemu ya kumi ya shinikizo la tairi. Tatizo la zege haliko chini, liko ndani ya bamba lenyewe: linapinda kidogo kila ekseli inapopita, upande wa chini unavutwa, na zege halipendi kuvutwa. Ndiyo maana kwa barabara tunapima uwezo wa kuhimili kupinda, kama megapaskali 4.5, na si ule uwezo wa kukandamizwa uliozoeleka kwenye nguzo za majengo.

Nikipata nafasi baadaye nitaweka hesabu kamili.

Bi Mtaro

Nafuatilia. Ila Kokoto Nusu, ukileta hesabu zako taja na njia uliyotumia, maana humu kila mtu ana unene wake mfukoni.

Kokoto Nusu

Haya dada, nimerudi. Natumia milinganyo ya mwongozo wa 1993 wa AASHTO, chama cha wakuu wa barabara wa majimbo ya Marekani, kwa sababu ndiyo inayojulikana na wengi na ina upande wa lami na upande wa zege. Nimechukua uhakika wa asilimia 90 kwa pande zote mbili.

Trafiki: ekseli sanifu milioni 10 kwa maisha yote ya barabara upande wa lami. Ekseli sanifu ni ya kilonyutoni 80, yaani tani 8.16 hivi. Kwa malori yaleyale upande wa zege nimeandika milioni 15, kwa sababu ekseli pacha (mbili zinazofuatana kwa karibu) zinaumiza zege zaidi kuliko lami, hivyo mgawo wa kubadilisha lori kuwa ekseli sanifu haufanani. Watu wengi wanaruka hatua hii halafu zege linaonekana jembamba kuliko haki yake.

Kwanza udongo mzuri kiasi, CBR 10 (CBR ni kipimo cha uimara wa udongo, namba ikiwa ndogo udongo ni dhaifu). Lami inatoka hivi: lami nzito sentimita 13, msingi wa kokoto 15, kifusi 20. Jumla 48. Zege: bamba sentimita 27 juu ya msingi wa 15. Jumla 42.

Sasa malori yaleyale, uhakika uleule, ila udongo mbovu wa CBR 3. Lami: lami nzito 18, kokoto 20, kifusi 38. Jumla 76. Zege: bamba 28 juu ya msingi wa 15. Jumla 43.

Rudia kusoma hapo. Udongo umeharibika, barabara ya lami imenenepa kwa sentimita 28, bamba la zege limeongezeka sentimita MOJA.

Na tukishusha trafiki hadi ekseli nusu milioni (laki saba na nusu upande wa zege) kwenye CBR 10: lami nzito 5, kokoto 15, kifusi 16, jumla 36. Zege 16 juu ya msingi wa 10. Kwa hiyo ile sentimita 5 ya mkandarasi wako, mkuu, ni ya barabara ya trafiki hii ndogo. Malori asubuhi hadi usiku? Thubutu.

Mlinda Ghala

Duh. Asante sana mkuu. Kumbe hata hiyo zege ya 20 nayo inaweza kuwa pungufu?

Kokoto Nusu

Inategemea malori yenu ni mangapi na mazito kiasi gani. Kwa milioni nilizoandika, ndiyo, ni pungufu. Kwenye milinganyo hii, bamba la unene wa 27 au 28 ukilipunguza sentimita 3 tu, ekseli litakazobeba zinashuka karibu nusu. Ukiliongeza 3, zinakaribia kuwa maradufu. Ndiyo sababu nasema sentimita za zege zisijadiliwe kama nauli ya bodaboda.

Zege Halilali

Nilisema mimi. Bamba halitetemeki udongo ukiwa tope. Tuendelee na kumwaga.

Jiko la Lami

Zege Halilali punguza mhemko. Nimefanya kazi za lami muda mrefu na nina mambo ya kusema.

Moja, hesabu ya CBR 3 imemnyima mtu wa lami silaha yake. Nani anajenga juu ya CBR 3 bila kuutibu udongo? Unachanganya chokaa au saruji kwenye sentimita 15 au 20 za juu, unashindilia, na udongo unabadilika tabia. Au unaleta kifusi bora na kuinua tuta. Baada ya hapo lami haihitaji 76.

Mbili, zege haliwezi kuwa jembamba hata trafiki ikiwa ya punda. Ukishuka chini ya sentimita 15 kwa barabara ya kawaida unatafuta nyufa. Sisi tunaweza kwenda na lami nyepesi, bitumeni ya kunyunyizia na kokoto juu yake, unene wa sentimita moja na kitu. Kwa barabara zenye magari machache zege halina jibu la hilo.

Tatu, lami inasamehe. Udongo ukititia kidogo, inafuata. Ukitaka kuongeza nguvu baada ya miaka, unaweka tabaka juu. Bomba la maji likipasuka chini, unakata, unafukia, unaziba, jioni magari yanapita. Zege ukilikata bomba lipite, kiraka chake ni kazi ya wiki.

Kokoto Nusu

Hoja ya kutibu udongo naikubali asilimia mia, na inabadilisha matokeo. Ila gharama ya chokaa na kuchanganya iingie kwenye daftari upande wa lami, isipotelee kwenye "kazi za udongo". Nimeona mlinganisho mwingi ambapo lami inashinda kwa sababu nusu ya barabara yake imeandikwa ukurasa mwingine. Tofauti ya 76 na 43 ni sentimita 33. Kwa upana wa mita 7 hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 2,300 kwa kila kilomita, za kuchimba na kutupa, au za kununua na kujaza.

Bi Mtaro

Na mimi naweka neno kuhusu hiyo AASHTO, maana imetajwa kana kwamba imeshushwa mbinguni. Milinganyo ile ilitokana na jaribio la AASHO (jina la zamani la AASHTO) lililofanyika karibu na Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960. Walijenga vitanzi vya barabara, vipande vya lami na vipande vya zege, wakazungusha malori. Kazi nzuri mno, na ndiyo iliyotupa ile kanuni ya nguvu ya nne. Lakini ilikuwa udongo wa aina moja, hali ya hewa moja yenye barafu wakati wa baridi, na ekseli takriban milioni 1.1 tu. Ukiandika milioni 10 au 15 tayari upo nje ya walichokiona, unavuta mstari mbele kwa imani. Miongozo ya baadaye, inayokokotoa msongo halisi na uchovu wa kila tabaka, mara nyingi huleta unene tofauti kwa trafiki kubwa, na kwa kawaida mdogo zaidi.

Hata hivyo mwelekeo alioueleza Kokoto Nusu ni sahihi. Mhandisi Westergaard aliuonyesha kwa hisabati tangu miaka ya 1920: msongo ndani ya bamba unatawaliwa na unene wa bamba karibu kwa kipeo cha pili, na ugumu wa udongo una sauti ndogo tu.

Mlinda Ghala

Hiyo nguvu ya nne ndiyo nini, Bi Mtaro? Mniwie radhi, mimi ni mtu wa bohari.

Bi Mtaro

Hakuna cha radhi kaka. Ni kwamba uharibifu wa ekseli hauongezeki sawa na uzito, unaongezeka karibu kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 inaumiza barabara kama mara 2.3 ya ekseli sanifu. Ya tani 13 ni zaidi ya mara 6. Gari dogo la familia ni kama halipo kwenye hesabu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lami au zege, waambieni walinzi wa geti waandike malori kwa aina zake, na mkiweza mpime ekseli chache kwenye mizani. Mia ya malori yaliyozidisha yatawamalizia barabara kuliko maelfu ya magari madogo.

Karani wa Hesabu

Nimesubiri watu wa mchanga mmalize, sasa tuongee pesa. Sitataja fedha ya nchi yoyote. Natumia pointi. Mita moja ya ujazo ya msingi wa kokoto ulioshindiliwa ni pointi 1. Kifusi 0.6. Lami nzito 5. Zege la barabara pamoja na maungio (mikato kati ya bamba na bamba), nondo zake na kumwagilia, 4. Uwiano huu nimeuweka kwa ajili ya mfano. Kila mtu aweke wa kwake. Nachukua unene wa Kokoto Nusu ulivyo na kutafuta gharama ya mita moja ya mraba.

Trafiki ndogo, CBR 10: lami 0.50, zege 0.74. Zege ni ghali kwa karibu nusu.

Malori mazito, CBR 10: lami 0.92, zege 1.23. Zege limezidi kwa theluthi.

Malori mazito, CBR 3: lami 1.33, zege 1.27. Zege limekuwa rahisi, kabla hata ya kuhesabu uchimbaji.

Hiyo ni siku ya kukata utepe tu. Sasa tuchukue ile ya katikati na tuiweke miaka 40. Nimeuliza Kokoto Nusu pembeni, kasema ekseli zake milioni 10 zichukuliwe kama za miaka yote 40, kwa hiyo lami haihitaji kuongezwa nguvu, ila bitumeni inazeeka kwa jua na hewa, inakakamaa na kupasuka. Tukwangue sentimita 5 za juu na kuweka mpya mwaka wa 12, wa 24 na wa 36, kila mara pointi 0.30. Zege: kuziba maungio mwaka wa 10 kwa 0.03, halafu mwaka wa 20 na wa 30 kubadili mabamba machache na kusawazisha uso, 0.08 kila mara.

Ukijumlisha bila punguzo lolote: lami 1.82, zege 1.42. Zege Halilali anacheka.

Weka kiwango cha punguzo cha asilimia 4 kwa mwaka, yaani pesa ya baadaye ihesabiwe ndogo kuliko ya leo kwa riba hiyo: lami 1.30, zege 1.31. Sare.

Weka asilimia 12: lami 1.02, zege 1.25. Jiko la Lami anacheka.

Barabara ni ileile, malori ni yaleyale. Kilichobadilika ni riba. Mwenye mkopo wa riba kubwa, ukarabati wa mwaka wa 24 kwake ni kama haupo, kwa hiyo lami inapendeza. Mwenye fedha ya riba ndogo, au anayejua kabisa kwamba bajeti ya matengenezo huwa haitoki, anaanza kuliangalia zege kwa jicho lingine.

Zege Halilali

Hapo kwa bajeti ya matengenezo umegusa penyewe. Kwenye karatasi mwaka wa 12 wanakwangua na kuweka mpya. Ukweli wake ni kwamba mwaka wa 12 pesa inakwenda kwingine, maji yanaingia kwenye nyufa, msingi unalowa, na mwaka wa 15 hamkwangui tena, mnajenga upya. Hiyo hesabu ya 0.30 iko wapi?

Karani wa Hesabu

Haimo. Na ni hoja nzito kuliko zako zote za awali, nakupa heshima yako. Ukiamini matengenezo yatachelewa, weka mwaka wa 15 gharama ya kujenga upya tabaka la lami na msingi, yaani 0.80 kwa mfano wetu. Hata kwa asilimia 12 hiyo ni 0.15 ya leo, peke yake imeshapita matengenezo yote matatu niliyoandika, ambayo kwa riba hiyo ni 0.10.

Jiko la Lami

Na zege likitelekezwa je? Mnaongea kana kwamba halina magonjwa. Maungio yasipozibwa maji yanashuka chini ya bamba. Lori likipita, bamba linabonyea na kusukuma maji pamoja na udongo laini nje. Baada ya muda chini ya ncha ya bamba kuna shimo, bamba moja linashuka kuliko jirani yake, na dereva anasikia du-du-du njia nzima. Hatimaye kona inavunjika. Kurekebisha hapo ni kuvunja bamba zima na kusubiri.

Bi Mtaro

Ndiyo, na dawa yake inajulikana: nondo laini za kuvusha mzigo kwenye kila ungio la kukingama. Kwa bamba la 27 au 28 ni nondo za milimita 32, urefu wa sentimita 45 hivi, zikiachana sentimita 30, zimepakwa mafuta ili bamba liweze kuteleza likipanuka na kusinyaa. Maungio yenyewe kila mita 4.5 hadi 5, yakatwe kwa msumeno ndani ya saa chache baada ya kumwaga, kina cha robo hadi theluthi ya bamba. Ukichelewa kukata, zege litajikatia lenyewe popote linapotaka. Na msingi chini ya bamba uwe ule usiosombwa na maji. Msingi huo wa chini ya bamba hauwekwi kwa ajili ya nguvu, unawekwa kuzuia huko kusombwa.

Hapa ndipo wakandarasi wengi wa zege wanapobana bei. Wanaondoa nondo za maungio, wanabakiza unene uleule, na mteja anaona "zege 28" anaridhika.

Fundi Chepe

Wakuu mimi swali dogo. Kuna kipimo cha haraka cha kujua eneo fulani lami itakuwa rahisi au zege, bila kupita kwenye AASHTO na riba?

Kokoto Nusu

Kipo kimoja ninachokipenda, si cha kufanyia maamuzi ila kinaonyesha upepo unavumia wapi. Angalia kifungashio tu, yaani kile kinachoshikanisha kokoto: bitumeni kwenye lami, saruji kwenye zege. Mita ya ujazo ya lami nzito ina uzito wa tani 2.4 hivi, na bitumeni ni kama asilimia 5 yake, yaani kilo 120. Mita ya ujazo ya zege la barabara ina saruji kama kilo 350.

Kwa unene wetu wa malori mazito na CBR 3, mita ya mraba inakula bitumeni kilo 21.6 au saruji kilo 98. Gawanya: 4.5. Kama kilo ya bitumeni inauzwa zaidi ya mara 4.5 ya kilo ya saruji, lami inaanza kukuuma kwenye kifungashio pekee. Kwa CBR 10 mpaka huo unapanda hadi 6. Kwa trafiki ndogo unafika 9. Wenye saruji inayozalishwa karibu na bitumeni inayotoka mbali kwa meli wanaelewa ninachosema. Na bei ya bitumeni inafuata mafuta ghafi, kwa hiyo mlinganisho wa mwaka huu unaweza kupinduka mwakani.

Fundi Chepe

Hii naihifadhi. Shukrani mkuu.

Jiko la Lami

Si vibaya. Ila ongeza umbali wa kokoto. Udongo ukiwa mbovu, lami inataka kokoto na kifusi kingi, na machimbo yakiwa mbali, nauli inaua hata kabla bitumeni haijafika. Hilo nalikiri ingawa si la upande wangu.

Mlinda Ghala

Nimeelewa mengi. Maswali yangu ya mwisho: sisi tuna geti la mizani, tuna eneo malori yanasimama foleni kwa saa nyingi, na tuna hiyo njia ndefu ya kilomita 2. Halafu hatuna njia nyingine ya kuingilia. Ikifungwa tumekufa.

Jiko la Lami

Kwa mizani na maegesho, mimi mtu wa lami nakwambia weka zege. Lami haipendi mzigo uliosimama au unaotambaa kwenye jua; inatiririka polepole na kuacha mabonde ya magurudumu. Na malori yakisimama yanadondosha dizeli, dizeli inayeyusha bitumeni. Hapo hakuna ubishi.

Njia ndefu, malori yakikimbia mwendo wa kawaida, CBR ikiwa 8 na kupanda, mimi nachukua lami. Na inafunguliwa siku hiyohiyo ikishapoa.

Kokoto Nusu

Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Kuhusu kufungwa: zege la kawaida kwa malori mazito mtasubiri wiki moja hadi mbili kabla ya kupitisha, hivyo mtajenga nusu ya upana, malori yapite nusu nyingine kwa zamu, halafu mnageuza. Hakikisheni muda huo wa zamu umo kwenye bei. Kuna zege la kukauka haraka, ila linataka fundi anayelijua na bei yake si rafiki.

Nendeni mkapime CBR ya udongo uliolowa, si mkavu, kila baada ya mita mia chache. Mkikuta kipande cha CBR 3 na kingine cha 12, hakuna sheria inayosema kilomita zote mbili ziwe za aina moja. Na kwenye mkataba wa zege andikeni kwamba mtatoboa sampuli za duara kupima unene, na malipo yafuate kinachopatikana. Kwa lami fanyeni vivyo hivyo, pamoja na kupima shindilio la kila tabaka kabla ya kufunikwa.

Mlinda Ghala

Mahali zege la mizani litakapokutana na lami ya njia, si patabomoka? Nimeona sehemu kama hizo zina tuta.

Bi Mtaro

Patabomoka mkiunganisha kwa mkato wa wima tu. Lami iliyo pembeni ya bamba inabonyea, bamba halibonyei, kila lori linapiga ngazi ile na ngazi inakua. Tunafanya hivi: bamba la mpito, lenye uso wake wa juu ukishuka chini ya usawa wa barabara, linaingia mita kadhaa chini ya lami, na lami inapanda juu yake ikipungua unene taratibu. Bamba la mwisho la zege linaongezwa unene kwenye ncha yake. Na msingi wa upande wa lami mita hizo za karibu ushindiliwe kwa mashine ndogo, kwa sababu roli kubwa haifiki kwenye kona ya bamba na ndipo panapobaki palaini. Muulize kila mkandarasi akuchoree hapo tu. Asiyeweza kuchora hiyo sehemu, hata bei yake usiisome.

Mlinda Ghala

Nimenakili. Jumatatu nawarudishia wote wawili barua: tabaka zote ziandikwe, CBR iliyotumika, idadi ya ekseli, na mchoro wa hapo kwenye mizani.

Zege Halilali

Na nondo za milimita 32, usisahau.